Bwana Safi na Shavu la Kushoto

Bwana Safi alianza chuo cha sanaa akiwa na miaka sitini na mitatu, umri ambao wenzake wengi walikuwa wameanza kuulizana habari za magoti. Yake nayo yalikuwa yanauma, ila aliyabeba hivyohivyo mpaka ghorofa ya tatu, mkoba wa penseli kwapani, akaketi katikati ya watoto ambao wazazi wao ndiye aliyewapiga picha za vitambulisho. Walimwita Babu. Siku ya kwanza kijana mmoja alisimama akampisha kiti cha mbele, akidhani ndiye mwalimu. Siku ya pili hakuna aliyesimama.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mdogo kuliko binti wa kwanza wa Bwana Safi, na kila alipokwenda alikwenda na kikombe cha chai iliyokwisha poa. Wiki ya tatu aliwaambia kila mtu abandike ukutani nyuso kumi alizochora. Nyuso za Bwana Safi zilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Vivuli vimekaa mahali pake, pua zimenyooka, macho yanang'aa. Wenzake walipiga miluzi. Mwalimu akazipitia moja moja, akarudi mwanzo, akazipitia tena.

"Babu," alisema, "hawa watu ni ndugu?"

"Hapana. Huyu ni muuza magazeti. Huyu jirani yangu. Huyu simjui, nilimwona benki."

"Mbona hakuna mwenye kovu? Hakuna chunusi, hakuna jino lililopinda. Huyu muuza magazeti wa hapo getini namjua. Jicho lake moja limelegea. Umelipeleka wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Bwana Safi naye akacheka, maana mtu mzima akichekwa na watoto hana budi kucheka nao, lakini moyoni aliumia. Hakukumbuka jicho lolote lililolegea, na miaka kumi na mitano alikuwa ananunua gazeti kwa yule bwana kila asubuhi.

Jina lenyewe la Safi alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa na studio ya picha, chumba kimoja mbele na chumba cha giza nyuma, na kilichomtofautisha na wapiga picha wengine wa mtaa ule hakikuwa kamera. Kilikuwa penseli. Enzi za filamu, kabla ya kuchapisha picha, aliilaza filamu juu ya kioo chenye taa kwa chini, akachonga penseli kwa msasa mpaka ncha ikawa kali kama sindano, kisha akajaza vidoti vidogo vidogo pale penye dosari. Doa jeusi la ngozini, kwenye filamu huonekana jeupe. Ukilijaza kwa penseli, picha ikitoka doa halipo. Makovu, chunusi, weusi wa chini ya macho ya mtu asiyepata usingizi, vyote vilikwenda na maji. Kazi hiyo iliitwa kusafisha. "Nisafishie picha yangu," watu walisema, na wengine walizipita studio tatu njiani ili wakasafishwe na yeye. Kompyuta zilipokuja akajifunza kusafisha kwa kompyuta. Simu zinazojisafishia zenyewe zilipokuja, akafunga studio.

Mke wake ndiye aliyekaa kaunta miaka hiyo karibu yote. Aliandika majina kwenye bahasha, aliwabembeleza watoto waliogoma kuchanwa nywele, na kabla mteja hajaketi mbele ya taa alimpangusa jasho na kumpaka poda kidogo asing'ae. Walikutana hapohapo studio. Alikuja kupiga picha ya kitambulisho, msichana wa miaka ishirini na miwili, na kwenye shavu lake la kushoto palikuwa na alama nyeusi ya kuungua. Bwana Safi alichanganyikiwa tangu msichana yule alipovuka kizingiti. Alipokwisha kuondoka, aliwaweka wateja wengine pembeni akashinda na filamu yake siku nzima. Alimsafisha kuliko alivyowahi kumsafisha mtu yeyote, na siku ya kuchukua picha akampa bure. Msichana aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza nyuma kusoma jina la mpiga picha kwenye muhuri, akaitia kwenye pochi.

"Umeipenda?" aliuliza kijana Safi.

"Ni nzuri sana," alisema msichana.

Picha ilikuwa nzuri kweli. Ila kijana wetu, kwa furaha aliyokuwa nayo, hakugundua kwamba ameuliza swali moja akajibiwa lingine. Mwaka haukuisha wakaoana. Picha za harusi alizisafisha mwenyewe.

Sasa turudi chuoni. Mwalimu yule alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ndio uliomgeuza Bwana Safi. Kila mwanafunzi alitakiwa awe na daftari asiloachana nalo. Ukurasa wa kushoto unaandika kitu ulichosoma siku hiyo, kitabu chochote, mistari miwili mitatu. Ukurasa wa kulia unaandika au kuchora kitu ulichokiona kwa macho yako siku hiyohiyo. Maneno "mzuri", "mbaya" na "wa kawaida" yalipigwa marufuku kabisa. Ukiyaandika, unafuta.

Bwana Safi hakuwa msomaji. Maisha yake yote alisoma maelekezo ya dawa za kusafishia filamu na matangazo ya vifo. Lakini mzee huyo hakupenda kushindwa na watoto, kwa hiyo alipanda maktaba akachomoa kitabu cha kwanza kilichomwangukia mkononi, riwaya moja kuukuu isiyo na jalada. Alisoma kurasa kumi bila kuelewa anatafuta nini. Ya kumi na moja alikutana na mama mmoja muuza nyanya. Mtunzi hakusema kama mama huyo alikuwa mzuri. Alisema sikio lake moja lilikuwa juu kidogo kuliko lingine, kwa hiyo miwani aliyopewa na mwanawe haikukaa sawa, na kila alipotaka kusoma bei aliinamisha kichwa upande mmoja. Basi. Bwana Safi alifunga kitabu. Alikuwa amemwona yule mama. Angekutana naye barabarani, angemsalimia.

Alinakili mistari ile kwenye ukurasa wa kushoto, na jioni, akiwa anangoja kisigino kishonwe, akaandika wa kulia: *Fundi viatu. Kucha ya gumba la kushoto imepasuka katikati, na anaushikia uzi hapo kwenye ufa.* Alipomaliza kuandika alijiona kama mtu aliyeonja sukari ukubwani.

Tangu siku hiyo hakukamatika. Alisoma kwa kinyozi, alisoma kwenye foleni ya benki, alisoma zahanati mpaka nesi akamwita mara tatu. Na kila alichokisoma kilimtuma nje kwenda kutazama. Dada wa duka la dawa alilamba kidole kabla ya kufungua mfuko wa karatasi, isipokuwa mteja akimwangalia. Mlinzi wa benki aliukalia mkono wake wa kulia kila meneja alipozungumza naye. Muuza magazeti, kwa sababu ya lile jicho, aligeuza uso mzima kumtazama mteja, na ndiyo maana watu walimwona mwenye adabu. Vyote hivyo viliingia daftarini, na kutoka daftarini vikaingia kwenye michoro. Mikunjo ilirudi. Mabaka yakarudi. Siku alipobandika uso mpya wa muuza magazeti, mwalimu aliweka kikombe chake chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Huyu sasa ni mtu," alisema.

Bwana Safi alirudi nyumbani anapiga mluzi. Mkewe akamuuliza kama ameokota kitu.

Kwenye benchi lake darasani alikaa na binti mmoja wa miaka ishirini na kitu ambaye wenzake walimbandika jina la Maswali. Aliuliza kila kitu. Alimuuliza mwalimu kwa nini karatasi zina pembe nne, alimuuliza mfagiaji ufagio unachakaa baada ya muda gani. "Kuuliza si ujinga," alijitetea, nao wakamjibu kwamba kwake imezidi dozi. Kuchora hakujua sana. Mistari yake ilikuwa mikwaruzo ya kuku. Bwana Safi alimwonea huruma, akamfundisha kuweka vivuli na kumwazima vitabu, na binti akawa anakuja nyumbani kwao Alhamisi kurudisha kimoja na kuchukua kingine.

Mwisho wa mwaka ulipokaribia, mwalimu alitoa kazi ya maonyesho. "Chora uso wa mtu unayemjua," alisema. "Na kabla hujachora, msome. Andika ukurasa mzima juu ya uso wake, bila kwenda kumtazama. Ukishindwa kuandika, hujamsoma bado."

Bwana Safi aliona kazi hiyo ni mteremko. Nani amjue mtu kama yeye anavyomjua mke wake? Miaka thelathini na sita! Aliketi kwenye benchi la koridoni, akafungua ukurasa mpya, akaandika: *Mke wangu ana alama shavuni.* Akaweka nukta. Kisha penseli ikasimama.

Alama ya namna gani? Shavu la kushoto, hilo alikuwa na hakika nalo. Lakini ni ya duara au ndefu? Inafika kwenye jicho? Iliungua kwa moto, au maji, au mafuta? Aliungua lini? Alikaa pale mpaka kengele ikalia, na ukurasa ulibaki na mstari mmoja. Alipofika nyumbani alishusha albamu zote nne kutoka juu ya kabati. Mke wake alikuwemo humo akiwa bibi harusi, akiwa na mimba, akiwa na watoto mapajani, akiwa na mvi za kwanza, na katika picha zote hizo shavu lake la kushoto lilikuwa laini kama la mtoto mchanga. Ushahidi wote aliufuta kwa mkono wake mwenyewe.

Mkewe alikuwa sebuleni anang'oa vifungo kwenye shati lililochakaa. Bwana Safi alisimama mlangoni akamtazama kama alivyojifunza kutazama fundi viatu. Akaona poda. Ilikuwa imepakwa vizuri sana, kwa mkono wa mtu aliyewapaka maelfu, na upande wa kushoto ilikuwa nzito zaidi. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mkewe huamka kabla yake, na huenda kuoga wa mwisho, na huingia kitandani taa ikiwa imezimwa. Studio ilikuwa imefungwa miaka miwili, hakuna mteja wa kupakwa, na bado kopo la poda halikuwahi kukauka.

"Mbona unanikodolea macho?" mkewe aliuliza. "Nimeota pembe?"

"Nataka nikuchore, mke wangu. Ni kazi ya maonyesho."

"Nilijua zamu yangu itafika. Umeshawamaliza mtaa mzima, hadi paka wa jirani."

Jumamosi mkewe alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa gauni lake la bluu na hereni. Alikuwa na furaha, na Bwana Safi aliiona. Alichora nusu saa, kisha akaweka penseli chini.

"Naomba upanguse poda, mama."

"Ya nini?"

"Nataka nikuone ulivyo. Na ile alama."

"Alama gani?"

"Ya shavuni."

"Ulishaifuta," alisema mkewe. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuelekeza chumvi ilipo.

"Zile zilikuwa picha tu."

"Sawa, picha tu. Ulinipiga ya kitambulisho, ukaifuta. Ya harusi, ukaifuta. Nilipojifungua mara ya kwanza ulikuja na kamera wodini, hata nywele sijachana. Nywele uliziacha, alama ukaifuta. Hebu niambie, ile kazi yako tulikuwa tunaiitaje?"

"Kusafisha."

"Na kinachosafishwa ni nini?"

Bwana Safi aliokota penseli, akaitazama ncha. Jibu alikuwa nalo, hata mtoto wa chekechea angekuwa nalo.

"Nilikaa kaunta, nikawasikia," mkewe aliendelea. "Nisafishie kovu, nisafishie chunusi. Wao waliomba. Mimi sikuomba, bwana. Mimi nilikuja kupiga picha ya kitambulisho, basi. Nilipoiona ile picha ndipo nikajua kumbe nina uchafu usoni. Kwetu hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Siku ileile, natoka kwako, nikapitia dukani nikanunua poda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeambiwa nini? Ulikuwa umefurahi sana. Ulinipa bure."

Mtu mwenye akili angepiga magoti pale pale. Bwana Safi alikuwa na akili, lakini siku hiyo haikufika mapema. Akafungua mdomo akasema neno ambalo baadaye angelipa chochote ili alirudishe: "Lakini sasa nimejifunza, mama. Nimesoma, naona tofauti. Mwalimu wetu anasema alama ndiyo mtu mwenyewe. Mchoro wangu hautakamilika bila hiyo."

Mkewe alivua hereni moja, kisha ya pili, akazishika kiganjani.

"Kwa hiyo zamani uliifuta kwa ajili ya kazi," alisema, "na sasa unaitaka kwa ajili ya kazi."

Akainuka akaenda jikoni. Chakula cha mchana siku hiyo kililiwa, mazungumzo yakawa ya kawaida, mtoto fulani amepiga simu, bomba linavuja. Hakununa. Afadhali angenuna.

Bwana Safi angeiachia hapo, pengine yangepoa. Lakini majuma yalikuwa yanakimbia na ukurasa wake ulikuwa na mstari mmoja. Asubuhi moja aliamka mapema makusudi, akakuta mlango wa chumba cha kuvalia uko wazi kiasi cha kiganja. Macho hayana pazia, alijiambia, na daftari lilikuwa mkononi. Mkewe alikuwa mbele ya kioo, uso umetoka kuoshwa. Kabla Bwana Safi hajaona chochote cha kuandika, macho yao yalikutana kiooni, na mama yule wa karibu miaka sitini alijifunika shavu kwa kiganja, haraka, kama aliyekutwa hana nguo.

"Umepata ulichokuja kuchukua?" aliuliza.

Hakuwa amepata kitu. Mlango ukafungwa, na kuanzia siku ile kila asubuhi Bwana Safi alisikia komeo. Alisoma juu ya aibu katika vitabu vingi mwaka ule, na alikuwa amepigia mistari sentensi nyingi nzuri kuihusu. Hakuna hata moja iliyomsaidia kulala tena asubuhi ile.

Akaamua kumchora kwa nyuma. Alimchora amesimama dirishani, bega moja chini kidogo kuliko lingine kwa sababu ya kuegemea kaunta miaka mingi, kitambaa cha kichwa kimefungwa fundo la haraka. Maswali alimwona darasani akifutafuta.

"Babu, mbona hamna uso?"

"Hataki."

"Umemuuliza kwa nini?"

"Najua kwa nini."

"Sikuuliza kama unajua."

"Nenda kachonge penseli zako, mtoto wewe."

Akaenda kuchonga. Alhamisi akaja nyumbani na kitabu cha watu kama kawaida, na kama kawaida Bwana Safi alimpokea kitabu, akamwelekeza jikoni akamsalimie mama, akarudi kwenye kiti chake. Alikuwa anasoma sura moja kuhusu namna ya kutazama: jinsi jicho linavyopaswa kutulia, lisiwe na haraka, lisiwe na madai. Kutoka jikoni alisikia mazungumzo, kisha kicheko cha mkewe, kile kikubwa ambacho hakukisikia muda mrefu, kisha ukimya mrefu. Alipigia mstari sentensi moja. Ee, laiti angenyanyuka! Zilikuwa hatua saba tu. Alhamisi iliyofuata binti akaja tena, na iliyofuata, na mzee wetu kila mara alikuwa katikati ya sura.

Siku ya maonyesho ukumbi wa chuo ulijaa. Bwana Safi alipanda ngazi na mkewe, amemshika mkono, mkewe amevaa lile gauni la bluu. Mgongo wake, yaani ule aliouchora, ulikuwa karibu na mlango na watu waliusifu. Mwalimu alimpa mkewe mkono na kusema mgongo ule unaongea. "Ndiyo, na wakati mwingine unauma," mkewe alijibu, na wote wakacheka. Kisha akasema miguu imechoka, akatafuta kiti ukutani akakaa, na Bwana Safi akazunguka peke yake kutazama kazi za watoto.

Upande wa pili watu walikuwa wamesongamana mbele ya mchoro mmoja wa mkaa. Alijipenyeza mpaka mbele. Mistari ilikuwa ileile mikwaruzo ya kuku. Sikio moja lilikuwa kubwa mno. Lakini uso ulikuwa wa mke wake, bila poda, umemwelekea mtu anayemchora, midomo imefunguka kidogo kama mtu aliye katikati ya habari na hataki akatishwe. Alama ilianzia chini ya jicho, pana kama gumba, ikateremka ikipungua, ikakatika kidogo katikati ya shavu, kisha ikaendelea mpaka chini ya sikio. Kumbe ilikuwa ndefu. Miaka yote hiyo, hata kwenye ule ukurasa wa mstari mmoja, kichwani mwake ilikuwa duara.

Aliona aibu na wivu kwa pamoja, na hakujua kipi ni kikubwa. Alirudi kwa mkewe.

"Yule binti amekuchora," alisema.

"Ndiyo. Alhamisi tatu, jikoni kwangu."

"Na ukapangusa poda."

"Niliosha uso kabisa."

"Kwa nini yeye, mama?"

Mkewe aliweka mkoba wake sawa mapajani. "Yeye hakuomba kuiona. Hata sikujua kama atachora. Siku ile ya kwanza nilikuwa nakata vitunguu, jasho limenitoka, poda imetoka kidogo. Akaniuliza tu, 'Mama, hapo uliumia?' Nikalia, bwana. Mtu mzima mzima. Nikasingizia vitunguu."

Bwana Safi alivuta pumzi. Swali lilikuwa dogo, la maneno mawili, na lilikuwa limekaa nyumbani mwake tangu siku aliyomleta mwanamke huyu.

"Uliumia vipi?" aliuliza.

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu. Usoni mwake hakukuwa na kisasi. Kulikuwa na uchovu wa mtu aliyengoja kituoni mpaka akaamua kutembea kwa miguu.

"Ameandika pale chini ya picha," alisema. "Kasome."

Akaenda. Ilibidi apange foleni nyuma ya watu wawili, mwanamume mmoja na mkewe wasiomjua, wakisoma habari za nyumba yake. Zamu yake ilipofika akavaa miwani, akainama. Maswali alikuwa ameandika kwa mkono, herufi kubwa kubwa:

*Mama huyu alipokuwa na miaka tisa aliachiwa mdogo wake amwangalie. Mtoto alitambaa mpaka mezani, akavuta kitambaa chenye birika la chai juu yake. Dada yake alimlalia. Maji ya moto yalimpata yeye shavuni, na mtoto hakupata hata tone. Anasema baba yake, mgeni akija, alikuwa anamwita aje aonyeshe shavu kabla hata mgeni hajakaribishwa kiti. Nilimuuliza kama mume wake anaijua habari hii. Akasema: "Hajauliza."*

Alisoma mara mbili. Alikuwa amejifunza kusoma polepole, na sasa hakuweza kuharakisha hata kama angetaka.

"Mzee, samahani," sauti ya kijana ilisema nyuma yake, "tunaomba nasi tusome."

Akawapisha. Mkewe alikuwa ameshasimama, mkoba begani, poda imekaa sawasawa.

"Umesoma?"

"Nimesoma." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. "Nisamehe, mke wangu."

"Nilikusamehe zamani, baba. Ningekaaje na wewe miaka yote hii?" Alitoa leso kwenye mkoba akampa. "Lakini kukusamehe ni kitu kimoja. Kukuonyesha, hapana. Hilo sijaweza."

Alingoja mpaka mumewe amalize kujifuta, akaipokea leso, akaikunja. Kisha akasema viatu vinambana na kama wataondoka sasa watafika kabla ya mvua, wakashuka ngazi pamoja.